Mama, darasa langu linasinzia saa nne asubuhi

Mama,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule moja ya msingi, kata ya Lumuma, wilaya ya Kilosa. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nina watoto 87 na madawati 21. Asubuhi huanza vizuri, lakini ikifika saa nne wengine wamelaza vichwa na wengine wanapigana mateke chini ya dawati. Linaloniumiza zaidi ni kwamba somo la Jumatatu, ikifika Alhamisi, ni kama sikuwahi kulifundisha. Nikiuliza "Mmeelewa?" wote wanaitikia "Ndiyo, mwalimu!" Nikitoa zoezi, wanaopata ni kumi tu. Msimu wa vitunguu ndio mbaya kabisa, maana wanakuja wamechoka au hawaji.

Hivi karibuni nilihudhuria semina. Mwezeshaji alituambia tufundishe kwa kufuata ubongo: tuwatenge watoto wa ubongo wa kushoto na wa kulia, tena kila mtoto tumfundishe kwa mtindo wake, wa kuona, wa kusikia au wa kutenda. Nilirudi na daftari limejaa, lakini nikiwatazama hao 87 sijui nianzie wapi. Sina projekta, sina hata chati za kutosha.

Mama, nimeanza kutumia fimbo ili wakae macho. Wiki iliyopita nilimchapa mtoto aliyekuwa anasinzia. Jirani yake akanong'ona kwamba mwenzake alilala bila kula. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Je, mimi sifai kuwa mwalimu?

Mwalimu wa Lumuma

*

Mwanangu, pole na kazi, na pole zaidi kwa machozi ya nyuma ya choo. Nilifundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua yako niliisoma huku nikisikia harufu ya chaki. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililokukosesha usingizi. Unafaa. Mwalimu asiyefaa angeridhika na ile "ndiyo" ya watoto 87 akafunga kipindi. Wewe ulisahihisha, ukahesabu, ukakuta kumi, na ikakuuma.

Sasa tuongee kazi. Darasa likizubaa, wengi wetu hudhani watoto wamekosa burudani. Basi tunaongeza nyimbo na makofi ya kilo. Darasa linachangamka kwa dakika mbili, kisha linarudi pale pale. Mimi naona watoto wako wamekosa kazi. Katika kipindi cha dakika 30 wewe ndiye unayeongea, unayeandika ubaoni, unayefuta, unayeuliza, na mara nyingi ndiye unayejijibu. Ubongo wako unatoka jasho, wa mtoto umeketi dawatini unakutazama. Ubongo hujifunza kile ulichokifanya wenyewe, na ukikosa la kufanya hulala au hutafuta mguu wa jirani. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya hilo: hamishia kazi kwa watoto, iwe ndogo, irudiwe mara nyingi, na ifanyike bila hofu.

Kwanza tupunguze mzigo uliotoka nao kwenye semina. Habari ya watoto wa ubongo wa kushoto na wa kulia iache. Ni kweli kwamba lugha, kwa watu wengi, hutegemea zaidi upande wa kushoto, lakini katika kusoma, kuhesabu na hata kuchora, pande zote mbili hufanya kazi pamoja. Hakuna mtoto anayekuja shuleni na nusu ya ubongo. Na ile mitindo mitatu nayo isikunyime raha. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizoijaribu nadharia hiyo na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa "mtindo wake". Kwa hiyo hudaiwi maandalio matatu ya somo moja. Mtoto yeyote atanufaika akiliona jambo, akalisikia na akaligusa. Kokoto kumi mezani zinawatosha wote.

Yapo mambo ambayo utafiti umeyathibitisha tena na tena. La kwanza ni kwamba mlango wa akili ni mwembamba. Kuna sehemu ya akili inayoshika mambo kwa muda mfupi wakati tunayafanyia kazi. Mtafiti Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kwamba mtu mzima hushika mambo kama manne tu kwa mara moja. Mtoto wa miaka saba hushika machache zaidi. Sasa jisikilize ukitoa maagizo: "Toeni madaftari, andikeni tarehe, pigeni mstari, nakilini sentensi, halafu jibuni namba moja hadi tano." Mtoto akifika kwenye kupiga mstari, mlango umekwisha kujaa. Anakaa. Anamtazama jirani. Mguu unaanza kazi yake chini ya dawati, na wewe unaona utukutu, kumbe hajui tena anatakiwa kufanya nini. Toa agizo moja, subiri lifanyike, ndipo utoe la pili. Silabi mpya mbili zikikaa zina faida zaidi kuliko tano zinazopita.

Mzigo huo huongezeka kwa mtoto ambaye nyumbani kwao wanaongea Kisagara, Kikaguru au Kigogo. Ukimwandikia sentensi ya meli na bandari, ubongo wake unabeba vitu viwili kwa pamoja: anaziunganisha herufi, na wakati huohuo anatafuta maana ya neno ambalo hajawahi kulisikia. Anza na maneno ambayo masikio yake yanayajua: kitunguu, mfereji, gunia, jembe. Meli itakuja baadaye, na siku ikija ichore kwanza, itaje, wataje nao, ndipo uiandike.

La pili ni kusahau. Unasikitika kwamba ya Jumatatu hayafiki Alhamisi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akazishika zote sawasawa, kisha akapima zinavyomtoka. Ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya hapo kusahau kukapungua kasi. Huyo alikuwa msomi, mtu mzima, aliyejitolea kwa hiari yake kukariri silabi tupu. Basi mtoto wa Darasa la Pili akisahau "nya, nye, nyi" kati ya Jumatatu na Alhamisi, ubongo wake hauna kasoro yoyote. Haukurudishiwa tu.

Dawa yake unaiona kila siku ukienda shuleni. Mkulima wa vitunguu huko kwenu hamwagi maji ya msimu mzima siku moja akaenda kulala. Angefanya hivyo vitunguu vingeoza. Anangoja zamu yake ya maji, analowesha majaruba, anaacha udongo uanze kukauka, zamu inarudi, analowesha tena. Somo nalo linataka zamu. Silabi za Jumatatu zirudi Jumanne kwa dakika tatu, Alhamisi kwa dakika tatu, Jumatatu inayofuata kwa dakika tatu, na tena baada ya wiki mbili. Dakika hizo chache zilizotawanywa hushinda kipindi kizima cha marudio siku moja kabla ya mtihani.

Lakini angalia unarudiaje, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Tukisema marudio, mwalimu husimama akafundisha upya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi ya kujifunza. Kundi moja liliyasoma mara nne. Kundi jingine liliyasoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojitahidi kukumbuka walifikia asilimia 61. Kulivuta jambo kutoka kichwani ndiko kunakolikaza. Kulisikia tena kunampa mtoto hisia kwamba analijua, na hisia hiyo ndiyo inayoitikia "Ndiyo, mwalimu!"

Kwa hiyo swali la "Mmeelewa?" liage leo. Halina jibu jingine zaidi ya ndiyo. Badala yake sema: "Fungeni madaftari. Nitataja silabi, kila mtu aiandike kwa kidole juu ya dawati." Vidole 87 vinaandika, na wewe unapita ukitazama. Katika hesabu sema: "Tisa toa nne. Usiseme. Onyesha jibu kwa vidole kifuani." Jirani haoni vizuri, wewe uliye mbele unaona wote, na kwa kutupa jicho moja unajua nusu ya darasa imepotea. Ukiuliza swali la mdomo, taja swali kwanza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, waambie wanong'onezane na jirani, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, watoto 86 wamepumzika. Ukitaja swali kwanza, wote 87 wanafikiri, kwa sababu hakuna anayejua nani ataitwa.

Mwanangu, sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mvulana mdogo, mpole. Siku moja nilisoma imla: "Baba analima." Yeye akaandika "dada analima." Nikamsahihisha mbele ya wenzake, nikasoma tena polepole, "Baba." Akaandika "dada". Wenzake wakacheka. Nikaamini ananifanyia kiburi, nikamchapa. Tangu siku ile hakuandika imla yangu tena. Alikuwa anashika penseli anatazama karatasi mpaka kipindi kinaisha.

Miaka ilipita kabla sijajua alikuwa na tatizo gani. Stanislas Dehaene, Mfaransa anayechunguza jinsi ubongo unavyosoma, ameeleza kwamba sehemu ya ubongo tunayosomea herufi ni ileile inayotambua vitu na nyuso, na kwa asili yake hukitambua kitu hata kikigeuzwa upande. Mbuzi akitazama kushoto ni mbuzi, akitazama kulia ni yuleyule. Jembe ni jembe likigeukia huku au kule. Mtoto anakuja shuleni na miaka sita au saba ya ujuzi huo, halafu sisi tunamwonyesha mstari wenye tumbo na kumwambia: likielekea kulia ni b, likielekea kushoto ni d. Kwa mara ya kwanza maishani upande unabadilisha jina la kitu. Yule mvulana alisikia vizuri. Aliandika baba yake kwa namna ubongo wa karibu kila mtoto unavyofanya mwanzoni. Alihitaji wiki chache za kuandika b kubwa mchangani kwa mkono mzima huku akitamka sauti yake, na d angefundishwa baada ya b kukaa, si siku moja nayo. Mimi nilimpa fimbo.

Ndiyo maana nakuomba uiweke chini ya kwako. Kanuni za viboko za mwaka 2002 unazijua: ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, ni mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Kusinzia kwa njaa si kosa la nidhamu, na kugeuza herufi si kosa la nidhamu. Lakini hata bila kanuni, fimbo inakuharibia somo. Mtoto mwenye hofu hutumia akili yake kujilinda: anafuatilia mkono wako, anapima uko umbali gani, anachagua jibu lisilomletea hatari, yaani kunyamaza. Ule mlango mwembamba niliokueleza unajaa woga, na silabi inabaki nje. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema kukunja, hawakusema kuvunja.

Makosa yatendee wema. Mtoto akikosea mbele ya ubao, sema "Asante, umetuonyesha mahali panaposumbua," kisha waulize wote panaposumbua ni wapi. Kosa lililosahihishwa papo hapo, bila aibu, ni nusu ya somo. Likingoja daftari lirudi baada ya siku tatu, mtoto amekwisha kusahau alikuwa anafikiri nini.

Tuje saa nne. Mtoto wa miaka saba hawezi kukaa dawatini saa tatu mfululizo, hasa wakiwa wanne au watano kwenye dawati moja. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano wasimamishe. Usitoke nje ya somo: waruke mara saba wakihesabu, wageuke kushoto kwa kila neno linaloanza na b, wapige hatua mbili mbili wakitaja 2, 4, 6, 8. Somo linalodai zaidi, kusoma na kuandika, libaki mwanzoni mwa asubuhi. Ikifika hiyo saa nne, watoe nje chini ya mti, wagawe katika vikundi vya watu wanane au tisa, kila kundi na vijiti vyake, wavifunge kumikumi kwa uzi wa gunia. Watoto wa Lumuma wameona vitunguu vikijazwa kwenye ndoo na magunia tangu hawajaanza kutembea vizuri. Makumi na mamoja wanayafahamu kwa mikono kabla hujayaandika ubaoni.

Na usijilaumu kwa lisilo lako. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula takribani asilimia 20 ya nguvu yake, na kwa mtoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mtoto aliyelala bila kula na akaja bila kula hana cha kufikiria nacho. Tena watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku, na usingizini ndiko ubongo unakoyapanga na kuyakaza ya mchana. Mtoto aliyeamshwa alfajiri kwenda kung'oa vitunguu ameporwa hata somo la jana. Hilo hulimalizi peke yako. Lipeleke kwa mwalimu mkuu, liingie kwenye kikao cha wazazi na kamati ya shule, na uende na daftari lako: onyesha waliosinzia saa nne na waliokuja bila kula. Mzazi akiona majina kwenye karatasi, haoni tena kwamba uji wa shule ni mchango mwingine tu.

Kuna msaada mwingine ulio karibu nawe. Mkoa wa Morogoro ulikuwa katika mradi wa Tusome Pamoja uliofanya kazi kati ya 2016 na 2021, ukishughulikia kusoma kwa madarasa ya chini. Muulize mwalimu mkuu kama kuna vitabu vya hadithi vilivyobaki kabatini. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Na katika vikao vyenu vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, usisubiri mwezeshaji kutoka mbali. Mwombe mwenzako mmoja akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja, ahesabu jambo moja tu: ni dakika ngapi ulikuwa unaongea wewe, na ngapi watoto walikuwa wanafanya kazi. Kisha wewe ukamhesabie yeye.

Usianze na yote haya kwa mpigo, mlango wako nawe una upana wake. Jumatatu ijayo anza na moja. Watoto wakishaketi, kabla hujagusa chaki, sema: "Fungeni madaftari. Nani anakumbuka tulichofanya Ijumaa? Usiseme, andika kwa kidole." Dakika tatu. Fanya hivyo kila siku kwa wiki nne, ndipo uongeze la pili.

Nanyi wazazi wa Lumuma na Kilosa yote mnaosoma ukurasa huu, mwalimu huyu anawafundisha wanenu 87 katika chumba kimoja, na amelia kwa ajili ya mmoja wao. Mtoto aje shuleni amekula. Alale mapema. Msimu wa vitunguu aende shule kwanza, shamba limngoje jioni na Jumamosi. Na akirudi msimuulize, "Umefundishwa nini leo?" Mwambieni, "Nifundishe mimi ulichojifunza leo." Kwa swali hilo moja mtakuwa mmeongeza zamu ya maji.

Mwanangu, baada ya hizo wiki nne toa zoezi lilelile ulilotoa siku ile. Sahihisha kama kawaida yako. Kama unafaa au hufai hilo tumelimaliza, usilirudie. Niandikie idadi ya waliopata.